Barua ya wazi kwa maspika 47: tunataka kujua nani alipiga kura gani

Kwa Waheshimiwa Maspika wa Mabunge ya Kaunti,
Kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa,

Waheshimiwa,

Tarehe 6 Novemba 2008 tulipewa likizo nchi nzima. Mtoto wa mtu wa Nyang'oma Kogelo alikuwa ameshinda urais wa Marekani, na Rais Kibaki akaona haifai watu waamke waende kazini kama siku nyingine. Tangu hapo jina la Barack Obama limekuwa chumvi ya hotuba zetu. Mgombea wa wadi akishapanda juu ya gari na kushika kipaza sauti, haichukui muda atakwambia kwamba hata Obama alianzia chini. Kisha anashuka, anagawa leso na mia mbili mbili, anakwenda zake.

Basi mimi nataka tuzungumze kuhusu huko chini alikoanzia. Ni Springfield, mji wa kadiri uliozungukwa na mashamba ya mahindi, kama kilomita 320 kutoka Chicago, ambako hukaa bunge la jimbo la Illinois. Obama alikuwa seneta wa jimbo huko, mmoja kati ya 59, kuanzia Januari 1997 hadi mwishoni mwa 2004. Useneta wa Washington ulikuja baadaye, tusichanganye. Huko Springfield kazi ilikuwa sheria za polisi, matibabu ya watoto, misaada ya wasiojiweza, bajeti za shule. Najua jimbo la Marekani lina mamlaka makubwa kuliko kaunti yoyote ya kwetu. Lakini ukitafuta ni nani hapa Kenya anayefanya kazi ya namna hiyo, karibu na mtu wa mtaani, utamkuta kwenye mabunge yenu. Ndiyo maana barua hii haikwenda kwa wabunge wa Nairobi.

Jambo langu ni moja. Miaka ile yote ya Obama huko Springfield inaweza kufuatiliwa mpaka leo, kura moja baada ya nyingine: alivyoingia, alivyopiga, siku alizokosa kufika, mpaka alivyokosea kubonyeza kitufe. Mwakilishi wangu wa wadi amemaliza vipindi viwili, na sijui alipiga kura gani hata siku moja. Nina picha zake nyingi. Akikabidhi hundi ya basari, akiwa matangani, akikata utepe wa choo cha soko. Kura sina hata moja.

Nianze na kuingia kwake, kwa sababu hapo wengi wetu tunadanganyana. Tunasimuliana habari za kijana aliyependwa na watu akachaguliwa. Haikuwa hivyo. Kiti kile cha wilaya ya 13, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 mama huyo aliamua kugombea kiti cha Washington kilichoachwa wazi, akamwachia Obama nafasi na hata kumuunga mkono. Novemba 1995 akashindwa katika mchujo, mshindi akiwa Jesse Jackson mdogo. Aliposhindwa akataka kurudi kwenye kiti chake. Wazee wa mtaa wakamwendea Obama ampishe, naye akakataa.

Kule, mtu anayetaka jina lake liwe kwenye karatasi ya mchujo hukusanya saini za wapigakura wa eneo. Mwaka ule zilihitajika 757. Palmer, kwa haraka haraka, alipeleka 1,580. Ukitazama hesabu utasema amefaulu mara mbili. Siku moja tu baada ya Mwaka Mpya wa 1996 watu wa Obama wakafika ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, wakaomba orodha, wakaketi kuzipitia mstari kwa mstari. Huyu hakujiandikisha kupiga kura. Huyu anaishi nje ya wilaya. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Anwani hii si ile iliyo kwenye daftari. Zilipochujwa, Palmer hakufikisha 757, akajiondoa. Na hawakuishia kwake. Wagombea wengine watatu walipingwa vilevile na wakaanguka. Mmoja wao, Gha-is Askia, alikuwa amepeleka saini 1,899 na bado akapungukiwa na 69. Mchujo wa Machi ulipofika, jina kwenye karatasi ya Wademokrati lilikuwa moja tu. Novemba akapata asilimia 82 na kwenda Springfield.

Mimi siupendi ushindi wa namna hiyo, na sitawaambia muuige. Wapigakura wa wilaya ya 13 walinyimwa kuchagua kati ya watu watano, kwa sababu ya mwandiko na anwani. Mtu aliyekuwa ameandikisha watu wapigakura kwa maelfu mwaka 1992 alianza siasa kwa kukata saini za wapigakura. Hata yeye baadaye aliulizwa habari hiyo, akajibu kwamba sheria ni sheria.

Ila angalieni mambo yalivyofanyika. Orodha za saini zilikuwa ofisi ya umma, mpinzani akaruhusiwa kuziangalia. Kupinga kulikuwa na tarehe ya mwisho. Kila jina lililokatwa lilikatwa kwa sababu iliyoandikwa, mbele ya watu, na mwenye orodha alikuwa na nafasi ya kujitetea. Kwa sababu hiyo mimi, mtu wa Pwani ya Kenya, miaka 30 baadaye, naweza kukwambia Askia alipungukiwa na saini 69. Dhuluma ile, kama mtu ataiita dhuluma, imeandikwa. Inaweza kulaumiwa kwa ushahidi.

Sasa tuje kwetu. Juni 2021 Wakenya waliingia kwenye mtandao wa serikali kuangalia kama ni wanachama wa chama chochote, wakakuta wameandikishwa vyama ambavyo hata bendera yake hawaijui. Nilikuwa miongoni mwao. Chama chenyewe sikitaji, kwa kuwa sijui ni nani aliyenitia humo: karani, dalali wa namba za vitambulisho, au wakala wa kutuma pesa ambaye daftari lake lina jina langu na sahihi yangu tele. Nilijitoa kwa simu, nikalipa ada ya ujumbe, basi. Hakuna aliyenieleza nani aliniingiza, lini, kwa fomu gani. Bwana Msajili, fomu hiyo iko wapi? Kwa mtu kama mimi ni kero tu. Kwa anayetaka kugombea akiwa huru ni kifo cha safari yake, kwa sababu Katiba inamtaka asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Jina moja lililoingizwa na mkono usiojulikana linaweza kumtoa mtu kwenye debe, na hapatakuwa na chumba cha kuketi na kupitia mstari kwa mstari.

Mchujo wa vyama hata nisiuzungumzie sana, mnaujua kuliko mimi. Mtu anashinda mchana, usiku cheti kinakabidhiwa mwingine hotelini. Asubuhi tunaambiwa kulikuwa na makubaliano. Kati ya nani na nani, karatasi haipo.

Niende kwenye sehemu iliyo tamu zaidi, nayo ni kura za ndani ya bunge.

Katika Seneti ya Illinois kila mmoja ana vitufe mezani pake: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha manjano cha kuonyesha yupo tu. Akibonyeza, jina lake linawaka rangi hiyo ubaoni mbele ya wote, na linaandikwa. Mswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya 59 ili upite, hata kama waliofika ni 40. Kwa hiyo cha manjano kinauma sawasawa na chekundu, ila mwenye kukibonyeza haonekani amepinga. Obama alikibonyeza mara 129 hivi katika kura kama 4,000. Mwaka 2008 wapinzani wake walimpiga nacho kila kona, kwanza Hillary Clinton, kisha Warepublican, wakisema anaogopa kusimama. Wafuasi wake wakajibu kwamba nyingi ya kura hizo zilikuwa mbinu iliyopangwa pamoja na wenzake, hasa kwenye miswada ya utoaji mimba. Mimi naona palikuwa na vyote viwili, mbinu na kujikinga. Lakini hilo ni langu. La maana ni kwamba ubishi wenyewe uliwezekana. Watu walibishana kuhusu kura zinazojulikana, wakizitaja kwa nambari za miswada.

Kisa kimoja nakipenda kuliko vyote. Tarehe 11 Juni 2002 walikuwa wanapigia kura pesa za ofisi ya ustawi wa watoto upande wa magharibi wa Chicago, kama dola milioni 2, ambazo gavana alikuwa amezikata. Seneta Rickey Hendon, Mdemokrati mwenzake, eneo lake ndilo lililokuwa linaumia, alisimama akaomba wenzake wazirudishe. Kura ikapigwa, pesa hazikurudi, na jina la Obama likaonekana limeungana na Warepublican. Muda mfupi baadaye, kwenye kura nyingine, Obama akasimama kuwasema Warepublican kwamba wanajifanya wao tu ndio wenye kujua kutunza pesa. Hendon akafura. Akamwambia mbele ya Seneti nzima kwamba ana ujasiri wa kuzungumza hivyo hali ametoka kupiga kura ofisi ya magharibi ifungwe, na ingekuwa ya upande wake wa kusini asingethubutu. Obama akajibu kwamba hakujua amerekodiwa hapana, akaomba iandikwe kuwa alikusudia ndiyo. Wawili hao walikaribia kushikana mashati.

Je, alikosea kitufe kweli, au alitaka kujitoa kimasomaso? Gazeti la Los Angeles Times lilipekua kumbukumbu mwaka 2008 likakuta mara sita alizoomba iandikwe kwamba kura iliyorekodiwa siyo aliyoikusudia. Na kanuni ya kule ni kali: ombi lako linaandikwa, ila kura haibadilishwi. Ubao umeshasema. Mwananchi anasoma kura, anasoma na udhuru, anaamua mwenyewe kumwamini au kutomwamini.

Waheshimiwa Maspika, kwenu mambo huendaje? Spika anauliza: wanaosema ndiyo? Ukumbi unaitikia ndiyo. Wanaopinga? Wawili watatu wanaguna. Wanaosema ndiyo wameshinda. Hivyo ndivyo mabilioni ya bajeti ya kaunti yanavyopita, na ushuru wa mama anayeuza samaki wa kukaanga unavyopanda, na hakuna hata jina moja linalobaki. Nilikwenda kwenye ofisi za bunge moja la kaunti kuomba kujua ni akina nani walipitisha sheria ya fedha iliyopandisha ada za sokoni. Bunge lenyewe naliacha bila jina. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa mheshimiwa karani yuko semina. Niliporudi niliambiwa Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, bado inahaririwa. Kijana mmoja wa hapo, mwungwana kweli, akanishauri kwa sauti ya chini: mzee, hata ukiipata haina majina, ilikuwa kwa sauti.

Mtasema kupiga kura kwa majina hufanyika jambo likiwa kubwa. Ni kweli, na tumeona yaliyotokea Kericho. Oktoba 2024 bunge la kaunti lilimwondoa gavana kwa kura 31 kati ya wanachama 47. Theluthi mbili ya 47 ilihitaji 32, kesi ikafia Seneti yetu ya Nairobi kabla ya kusikizwa. Agosti 2025 wakarudi na kura 33, safari hii kwa mfumo wa kielektroniki. Huko Seneti wakatokea wawakilishi wakisema mfumo ulionyesha wameshapiga kura ambayo wao hawakuipiga. Seneti ikakubali pingamizi, kesi ikafa tena. Simtetei gavana wala simhukumu. Ninachouliza ni hiki: ikiwa jambo zito kuliko yote ambalo bunge la kaunti linaweza kufanya limeshindwa mara mbili kwa hesabu ya nani alipiga nini, hayo madogo tunayahesabu kwa kitu gani?

Kuna na suala la mahudhurio. Mwisho wa Desemba 1999 Springfield iliitwa kwenye kikao maalumu kuhusu sheria ya kudhibiti bunduki. Obama alikuwa Hawaii, kwa bibi yake, binti yake akaugua, hakurudi kwa wakati. Mswada ukakosa kura chache tu kupita. Wakati huo alikuwa anampinga Bobby Rush, mbunge wa Chicago, kwa kiti chake cha Washington, na Rush alikuwa amempoteza mwanawe kwa risasi miezi michache kabla. Magazeti ya Chicago yakaandika majina ya waliokosekana. Machi 2000 Rush akapata asilimia 61, Obama 30. Yapo mengine yaliyomwangusha, ikiwemo kuonekana ni msomi wa chuo kikuu asiyewajua watu wake, lakini lile la kutokuwepo lilimfuata mpaka siku ya kura. Kwetu Katiba, kifungu cha 194, inasema mwakilishi akikosa vikao vinane bila ruhusa ya maandishi ya Spika na bila sababu ya kuridhisha, kiti kinakuwa wazi. Sheria nzuri kabisa. Daftari la mahudhurio analishika nani, na nani amewahi kuliona?

Baada ya kipigo kile alirudi Springfield kuendelea na kazi. Chama chake kilikuwa upande wa wachache, na aliye upande wa wachache pale hana nguvu ya kupitisha mengi, ingawa mwaka 1998 alishirikiana na Warepublican kupitisha sheria ya kuwazuia wabunge kupokea zawadi. Mambo yaligeuka kwa sababu ya kofia. Ndiyo, kofia. Mwaka 2001 tume ya kuchora mipaka ya wilaya za bunge iligawanyika nusu kwa nusu, na Katiba ya Illinois inasema yakifika hapo itapigwa kura ya bahati nasibu kumpata mjumbe wa kuvunja sare. Jina likachomolewa kwenye kofia ndefu mfano wa ile ya Abraham Lincoln, likatoka la Mdemokrati. Ramani ikachorwa upya, wilaya ya Obama ikapanuka kuingia kwenye mitaa ya matajiri kando ya ziwa, Novemba 2002 chama chake kikashika Seneti, na Januari 2003 akawa mwenyekiti wa kamati ya afya. Makamishna wa IEBC, nimewatajia kofia si kwa utani tu. Kwetu muda wa kikatiba wa kupitia mipaka ulipita Machi 2024 wakati tume haina kamishna hata mmoja. Wenzetu wana utaratibu wa kuchekesha. Sisi hatukuwa na wa kuushika.

Ndipo mwaka 2003 ikaja kazi yake bora, kwa maoni yangu. Illinois ilikuwa imeaibika: watu waliohukumiwa kifo walikuwa wakigunduliwa hawana hatia, wengine walikiri kwa kupigwa na polisi. Januari mwaka huo Gavana George Ryan, akiondoka madarakani, alikuwa amefuta hukumu zote za kifo. Obama akasukuma mswada wa kulazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi waliupinga, waendesha mashtaka hawakuutaka, gavana mpya alikuwa amesema hautaki. Akaketi nao wote, akilegeza hapa na kukaza pale, mpaka ukapita, na gavana akausaini Julai. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka jambo hilo kwa sheria iliyopitishwa na bunge. Hakuna aliyekata utepe. Na utaona, hata hiyo sheria ni ya kumbukumbu: kilichosemwa chumbani kibaki kwenye mkanda.

Mtaniambia Illinois si ya kuigwa. Nakubali. Magavana wake wanne wamewahi kufungwa jela. Michael Madigan, aliyekuwa spika wa Baraza la Wawakilishi kwa muda mrefu kuliko spika yeyote wa bunge la jimbo Marekani, alihukumiwa Juni 2025 kifungo cha miaka saba na nusu kwa ufisadi. Hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu, maana wezi walikuwepo na kura zilirekodiwa vilevile. Kazi ya kurekodi haihitaji bunge la malaika.

Na msidhani Obama mwenyewe alikuwa mtunzaji mzuri wa karatasi. Mwaka 2007, alipoombwa shajara na barua za ofisi yake ya Springfield, alisema hana hifadhi, hakuwa na wafanyakazi wa kuzitunza. Wengi hawakuridhika na jibu hilo, na mimi ni mmoja wao. Lakini kura zake zilikuwepo, kwa sababu hazikuwa zake, zilikuwa za bunge. Kwetu tumewaachia wawakilishi wenyewe watuambie walichofanya, kwa kalenda yenye picha yao na kurasa za Facebook zinazoendeshwa na vijana wa kulipwa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, na kwa maspika kwanza. Kanuni za kudumu mnazibadilisha wenyewe, hamhitaji Nairobi. Bajeti, sheria ya fedha, uidhinishaji wa mawaziri wa kaunti na hoja yoyote ya kumwondoa mtu ofisini zipigiwe kura kwa majina, na orodha ibandikwe langoni mwa bunge kabla ya wiki kuisha. Sisemi mnunue mashine. Karani asome majina 40 au 60, kila mmoja ajibu, iandikwe. Haizidi nusu saa, na chai yenu ya saa nne huchukua zaidi. Mtu akijibu vibaya aruhusiwe kueleza, ila jibu lake libaki. Daftari la mahudhurio liende pamoja na orodha hiyo.

Kwa Bwana Msajili, kila jina la mwanachama liwe na fomu nyuma yake, na mwenye jina akiiomba aonyeshwe, pamoja na tarehe na aliyeipeleka. Chama kisichoweza kuonyesha, jina litoke na chama kitozwe.

Kwa IEBC naomba kwa tahadhari. Katiba inamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapigakura 500 wa wadi hiyo. Sitaki mziweke orodha hizo mtandaoni. Kwetu mtu anaweza kuchomewa kibanda kwa kuunga mkono asiyetakiwa, na sheria ya kulinda data ya 2019 ipo. Ziwekwe ofisi ya eneobunge, bila namba za kitambulisho, aje aliye na pingamizi asome akiangaliwa na afisa, apewe siku chache za kupinga, na uamuzi uandikwe kwa sababu zake. Na tafadhali msiige la mwandiko. Mama yangu hutia dole gumba, na ni mpigakura tangu 1963.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo kila bunge la kaunti litapitisha bajeti nyingine na sheria nyingine ya fedha. Naomba nipate orodha ya majina ya kura hizo kutoka kaunti yangu. Mkiibandika langoni nitakuja na kalamu kuinakili, wala sitamsumbua karani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpigakura wa wadi, Pwani